Tangi la Samaki Lililomshinda Kalisti

Siku mliyoniaga pale karakana, vijana wangu, mlinikalisha kwenye kiti chenye mto, mkaninywesha chai ya maziwa, halafu mmoja wenu akainuka kunisifu. Akasema nimefanya kazi miaka yote hiyo na sijawahi kutoa hata "kazi ya Kalisti" moja. Mkacheka wote. Nami nilicheka, maana mtu anayeagwa hana ruhusa ya kununa. Lakini nilirudi nyumbani Nyabiyonza nimekasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Kama mlitarajia nieleze nilivyopanda vyeo, poleni. Nilipanda mara chache, na kila nilipofika juu nilikuta moshi ni ule ule wa jiko la mkaa.

Kwa msomaji wa nje ya karakana yetu, "kazi ya Kalisti" ni chombo kilichotengenezwa kikarudi kwa fundi kinavuja. Debe likitoa machozi, ni kazi ya Kalisti. Mfereji wa paa ukimwagia mgeni kichwani, ni kazi ya Kalisti. Nadhani wengi wenu mnaamini Kalisti ni jina la ugonjwa wa bati. Alikuwa mtu. Alikuwa mwalimu wangu, fundi bati na vioo wa mgodi, na ninaomba mnivumilie nimweleze tangu mwanzo.

Nilifika mgodini, huku kwenye vilima vya Kyerwa, miaka ya thelathini ilipokuwa bado michanga. Nilikuwa kijana mzima mwenye ndevu tatu nne na viatu nilivyovibeba mkononi ili visichakae. Kazi ya mgodi ilikuwa kuchimba madini ya bati, kuyaosha, kuyafunga kwenye magunia na kuyapeleka Ulaya. Huko yalifanywa debe, debe likajazwa mafuta ya taa, likarudishwa kwetu tulinunue. Likitoboka, sisi mafundi tuliliziba. Ndivyo tulivyoshiriki katika utajiri wa nchi yetu.

Ta Kalisti, maana huku "Ta" ni neno la kumheshimu mzee, alinipokea bila kuniangalia usoni. Alikuwa Mhaya wa ufukweni mwa ziwa kule Muleba, mrefu, Mkatoliki wa kufunga kila Ijumaa, na mtu wa samaki kiasi kwamba alipokuja kuishi kwetu alituonea huruma kama watu waliozaliwa vilema. Alinipa debe bovu, chuma cha kulehemea, kipande cha risasi na kichupa cha tindikali, akaniambia nizibe. Nikaziba. Nilijiona bingwa. Kisha akalijaza maji, akanitwika kichwani, akanituma niyapeleke kwa waosha madini kule bondeni. Nilifika nimelowa hadi kiunoni. Niliporudi aliniuliza kama nimejifunza kitu au anitwike tena.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na hakuwa na nyingine: aliyeziba ndiye anayebeba. Taa, birika, debe la kuogeshea mtoto mchanga, chochote kilichopita mikononi mwake alikijaza maji mwenyewe na kukizungusha uwanjani akiwa amevaa shati safi. Shati likibaki kavu, chombo kinaruhusiwa kwenda kwa mwenyewe. Mabwana wa mgodi walimwona na walicheka. Hawakucheka siku alipoziba pipa la pampu lililowashinda wao, ila kuhusu hilo walisahau kutamka neno lolote la shukrani.

Alinifundisha kioo pia. Kioo, alisema, hakipendi chuma. Ukikigusanisha na chuma kitapasuka kwa chuki tu. Lazima kilalie puti, ule udongo mlaini wa chokaa na mafuta ya kitani unaoshikizia vioo vya madirisha, na puti lazima ikandwe kwa kidole gumba, si kwa kisu. Ndiyo maana gumba lake la kulia lilikuwa bapa kama kijiko. Ninyi siku hizi mnatumia kisu na mnashangaa kwa nini madirisha ya ofisi yanapiga kelele upepo ukivuma.

Sasa tuje kwenye tangi. Mgodini palikuwa na Mzungu mmoja msimamizi wa pampu, tuliyemwita Bwana Pampu. Sebuleni kwake aliweka sanduku la vioo lenye fremu ya chuma, akalijaza maji, mchanga na majani, akatia humo samaki wadogo waliovuliwa kwenye mabwawa ya mto Kagera. Kila jioni alikaa mbele yao na bilauri akiwatazama. Ta Kalisti alipokwenda kutengeneza dirisha kwake na kuwakuta, alitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa heshima wataliwa lini. Aliposikia hawataliwa, alisikitika kwa dhati, nadhani kwa niaba ya samaki.

Vita vilipokwisha Bwana Pampu alirudi kwao, vitu vyake vikanadiwa. Tangi alilinunua Ta Efraimu, mfanyabiashara kutoka Bukoba aliyekuwa na duka Nyakatuntu. Ta Efraimu alikuwa Mlutheri mwema, mwenye sauti ya mnada na imani ya kweli kwamba ustaarabu uliingia wilayani kwetu siku alipofungua duka lake. Alikuwa na saa ya ukutani isiyotembea, picha ya meli, na sasa nyumba ya samaki. Akalipakia kwenye lori tupu, kavu, bila hata majani ya mgomba ya kulilaza juu yake. Kwa barabara zile, puti iliyokuwa imekauka ikapasuka yote. Alipolijaza maji sebuleni, maji yakatoka upesi kuliko yalivyoingia, na magunia ya sukari yaliyokuwa chumba cha pili yakawa sharubati.

Akatuita. Kazi haikuwa ngumu ila ilitaka subira, na Ta Efraimu hakuwa na bidhaa hiyo dukani kwake. Tulivitoa vioo vyote, tukakwangua puti ya zamani, tukasugua kutu. Mimi nilishauri tuchanganye puti na ile rangi nyekundu ya risasi inayozuia kutu. Ta Kalisti akaniuliza kama nataka kutengeneza tangi au kaburi, kwa kuwa rangi ile ni sumu. Tukalaza vioo upya, akakanda kila pembe kwa gumba. Kisha tukamimina maji kidogo kidogo, kwa sababu katika tangi la samaki ni uzito wa maji wenyewe unaosukuma kioo kikae sawa. Tulikesha siku kadhaa tukilichungulia kama mgonjwa. Halikutoa tone. Kwa kuwa hatukuweza kulitwika kichwani, Ta Kalisti alilala chini ya meza yake na shati jeupe, akatoka mkavu.

Tukarudi mgodini. Hata wiki haikuisha vizuri, ujumbe ukaja: tangi linavuja.

Sijui niwaelezeje uso wake. Hakuna chombo kilichowahi kurudi. Tulikwenda tena, tukakuta maji yanachuruzika pembe ya chini, upande wa ukutani. Safari hii aliacha puti, akayeyusha lami na nta ya nyuki, mchanganyiko laini usiopasuka hata nyumba ikitikisika. Akalala tena chini ya meza. Mkavu. Ta Efraimu alitutafunisha punje za kahawa, kama desturi ya kwao, akatueleza kwa urefu kwa nini tangi lazima lisimame kabla ya Jumamosi inayokuja. Binti yake Eunike alikuwa amechumbiwa. Baba wa mchumba, mzee Zakayo, mfugaji wa mbuga za Bweranyange, angekuja siku hiyo na watu wake kumaliza maneno ya posa. Ta Efraimu alitaka mzee huyo akiingia tu sebuleni akutane uso kwa uso na samaki, ili ajue mwanawe anaoa nyumba ya namna gani.

Mimi ni Mnyambo, mwenyeji wa huku, nimekua na wafugaji hao, kwa hiyo niliacha kutafuna. Watu wa mzee Zakayo wamebatizwa, wanaimba tenzi kuliko sisi, na Amri Kumi wanazijua. Ila wanayo ya kumi na moja, nayo ni kwamba samaki na maziwa havikai nyumba moja. Aliyekula samaki hapewi maziwa, maana ng'ombe atakauka. Nyumba inayonuka samaki hawaketi. Nilijaribu kumdokeza Ta Efraimu kwamba pengine wageni wangefurahia zaidi picha ya meli. Akaniambia nibaki kwenye mambo ya bati.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo tangi lilivuja tena. Pembe ile ile.

Habari ilikuwa imeshatutangulia. Njiani wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walimwuliza Ta Kalisti kama anakwenda kutengeneza au kumwagilia. Yeye akaongeza mwendo. Nilimwonea uchungu. Mtu asiye na shamba la maana wala ng'ombe, mgeni katika nchi ya watu, alikuwa na mali moja tu, nayo ni kwamba kazi yake hairudi.

Pale sebuleni tulimkuta Eunike, binti mtulivu aliyesomea ufumaji misheni, amekaa na sindano zake na uzi wa sufu wa buluu, akifuma vitambaa vya kufunikia viti vya wageni. Samaki ambao Ta Efraimu aliwaagiza kutoka Kagera walikuwa kwenye karai. Ta Kalisti alichungulia ile pembe asione kitu, akasema maji ni maangavu mno, yanaficha njia yao. Tutie maziwa kidogo, yatachora mstari mweupe pale yanapotokea. Ta Efraimu akafurahi. Maziwa yapo, akasema, kibuyu kizima, yameletwa asubuhi na vijana wa mzee Zakayo. Akamwambia Eunike ayalete, yeye akaenda mbele dukani kuwahudumia watu.

Eunike alirudi na kibuyu, akasimama nacho kifuani.

"Mimina, mwanangu," Ta Kalisti akasema.

"Siwezi, Ta."

"Kidogo tu, ya kutafutia tundu."

"Haya ni maziwa ya ng'ombe wa kwao. Humo wamekaa samaki. Nikiyamimina humo, sitaweza kusimama mbele ya baba yake."

Ta Kalisti akamtazama, kisha akatazama vitambaa, kisha sindano. Akapiga magoti, akaingiza kidole nyuma ya tangi pale penye giza la ukuta. Nilimwona akipapasa. Alipoutoa mkono, alikuwa ameshika unyuzi mfupi wa sufu ya buluu, wenye lami. Tundu lenyewe, alivyonieleza baadaye, lilikuwa duara safi la kupendeza. Lami ile laini aliyojivunia ilikuwa imepitisha sindano ya kufumia bila ubishi.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambia nini, Ta? Uharibu kazi yako kwa mkono wako?" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Baba nimemwambia mpaka nimechoka. Anasema watu wa ng'ombe lazima wazoee ustaarabu. Mzee Zakayo akiona samaki humu hatagomba, hatasema kitu. Atageuka mlangoni na kurudi kwao, na mimi nitabaki na vitambaa vyangu."

Akasema pia kwamba yule kijana anampenda na si mtu wa kutafutiwa mwingine. Alilisema hilo kwa aibu, akiangalia kibuyu. Ta Kalisti alibaki amepiga magoti. Mimi nilikuwa najua lililo kichwani mwake, kwa kuwa ndilo lililokuwa kichwani mwangu: unyuzi ule ulikuwa salama yetu. Angeupeleka dukani, akauonyesha, jina lake lingerudi safi kabla ya saa ya chakula, na wale wanawake wa kisimani wangekosa la kusema. Alitakiwa tu kusimama na kutembea hatua chache.

Aliuviringisha unyuzi, akautia mfukoni.

Ta Efraimu akaingia, na nyuma yake wateja wamejaa mlangoni, maana duka la Nyakatuntu halikuwa na burudani nyingine. Akauliza kama Jumamosi litasimama au halitasimama.

"Limenishinda," Ta Kalisti akasema.

Ta Efraimu akamtaka arudie, kwa manufaa ya waliokuwa nyuma.

"Limenishinda, Ta Efraimu. Fremu imechoka, imepinda kule kwenye lori. Hakuna fundi hapa mpaka Bukoba atakayelifanya lishike maji. Usipoteze nguvu zako kuwaita."

Mimi nilikuwa nimesimama upande wake, kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyeuona mkono wake wa kulia. Ulikuwa nyuma ya tangi. Alipokuwa akitamka kwamba limemshinda, gumba lile bapa lilikuwa linasukuma lami na kuziba tundu la sindano, taratibu, pembe yote, kama kawaida. Sidhani kama alijua. Mkono ulikuwa haujapewa taarifa.

Ta Efraimu alisema mengi. Alisema fundi wa mgodi mzima ameshindwa na sanduku. Alisema kesho atashindwa na kijiko. Wateja walicheka, wakaenda kusambaza. Ta Kalisti alisikiliza mpaka mwisho, akaomba apewe wale samaki kwa kuwa sasa hawana makazi. Tuliwabeba kwenye debe na jioni alinipikia. Walikuwa wadogo wenye miiba mingi, lakini alikula kila mmoja kwa makini.

Jumamosi mzee Zakayo alifika na watu wake. Nasikia aliketi penye kiti cha kitambaa cha buluu, akanywa maziwa, akasifu usafi wa nyumba. Lile tangi tupu lilikuwa limefunikwa kitambaa na juu yake pamewekwa Biblia. Akadhani ni kabati. Maneno yakamalizika siku ile ile, na baada ya mavuno Eunike akaenda Bweranyange.

Sisi tulibaki na "kazi ya Kalisti". Msemo ulizaliwa pale dukani, ukapanda lori, ukafika mgodini kabla yetu. Watu walianza kupeleka madebe yao kwa fundi mwingine, mtu mwenye kisu kizuri sana. Misheni moja iliyokuwa imetuahidi kazi ya mifereji ya paa la kanisa ikabadili mawazo, ikaleta fundi kutoka mbali, na mvua ya kwanza iliteremka moja kwa moja hadi mahali padri anapovalia. Hakuna aliyeiita hiyo kazi ya yule fundi. Jina lilishapatikana. Mimi nilitaka kusema ukweli kila siku, na kila siku Ta Kalisti aliniambia sikuona kitu. Niliona kila kitu na iliniuma, na bado inaniuma.

Tangi lenyewe Ta Efraimu alilifanya sanduku la maandazi, likakaa kaunta. Mwaka mmoja wa mvua nyingi paa lake lilitoboka juu ya kaunta. Asubuhi wateja walikuta tangi limejaa mpaka ukingoni, maandazi yanaelea humo yamevimba. Niliitwa kuziba paa, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Nilipitisha kiganja chini ya kaunta yote. Kavu. Ta Efraimu akasema maji ya mvua ni mazito, hayavuji ovyo. Nikakubali, mzee wa watu, niseme nini.

Miezi michache baada ya arusi kijana mmoja alikuja karakana kutoka Bweranyange na kibuyu kilichofukizwa vizuri, akasema maziwa haya ni ya Ta Kalisti. Hakusema yametoka kwa nani wala kwa nini. Ta Kalisti alikishika kibuyu kwa mikono miwili, akakaa nacho. Kilikuja kingine baadaye, na kingine, miaka yote mpaka alipofariki. Na tangu siku kile cha kwanza kilipofika, mtu yule wa ufukweni hakula samaki tena. Ijumaa zote, Kwaresima zote, alikula maharage. Ndugu zake wakimletea sato wakavu kutoka Muleba, alinipa mimi, nami niliwala, kwa kuwa sikuwa nimepewa maziwa na mtu.

Mwaka jana tulimzika. Eunike alikuja na mumewe na watoto wao wakubwa, akanivuta kando akaniambia sasa niwaambie watu. Ndiyo nimewaambia.

Niliwahi kumwuliza mara moja, tukiwa tunakula, kama hamu ya samaki haimsumbui. Akachota maharage yake, akasema hajawahi kuwapenda samaki, wana miiba. Alikuwa hajui kabisa kusema uongo, isipokuwa siku ile moja, Nyakatuntu, mbele ya duka zima.